Pikipiki ilikuwa nzima, umeifanyia sevisi mwenyewe, sasa ina shida: anzia hapa

Hali yenyewe inajulikana. Pikipiki ilikuwa inatembea vizuri tu, ukaamua kuifanyia sevisi mwenyewe, umemwaga oili, umesafisha kabureta, umekaza cheni, umefunga kila kitu, unawasha sasa na kuna kitu hakipo sawa. Ama haiwaki, ama inawaka kwa kubembelezwa, ama ina mlio ambao jana haukuwepo. Na kitu cha kwanza wengi wanachofanya hapo ni kukimbilia spea, plagi mpya, koili mpya, wengine wanafika mpaka kwenye sidiai (CDI, kiboksi kinachoamuru cheche), hela inaisha na ugonjwa uko palepale.

Mimi naomba ufuate kitu kimoja tu: shida iliyoanza baada ya sevisi itafute pale mikono yako ilipopita. Koili kufa yenyewe siku ileile uliyofungua kabureta inaweza kutokea lakini ni nadra mno, waya uliobanwa na tenki wakati unairudisha ndo jambo la kila siku. Kwa hiyo kabla hujafungua kitu kingine chochote, andika kwenye simu kila ulichogusa kwa mpangilio wake, hata vile vidogo kama kutoa siti au kuosha injini, kisha rudi navyo kuanzia cha mwisho kwenda cha kwanza. Na usibadilishe vitu viwili kwa pamoja, maana ikipona hutajua kilichoiponya ni kipi na ikizidi kuumwa hutajua nani kaiharibu.

Stata kimya kabisa, au inagonga "tk" halafu basi

Angalia swichi ya kuzimia kwenye usukani. Nasema kweli, wakati wa kufuta na kuosha mkono huwa unaigusa inahamia kwenye kuzima na mtu anahangaika mchana mzima. Halafu angalia gia kama iko nyutro, stendi ya pembeni kama imepanda (pikipiki nyingi zina swichi pale), na kama ulilegeza mkono wa klachi hakikisha kiswichi kidogo cha chini yake kimerudi mahali pake.

Kama ulitoa betri basi hapo ndo pa kukaa kwa muda. Nati za betri zinalegea kirahisi sana, unaona taa zinawaka ukadhani umeme upo wa kutosha, kumbe taa inakula umeme kidogo na stata inataka mwingi, ukibonyeza tu muunganiko unakufa. Shika waya uchezeshe, ukicheza hata kidogo umeshapata jibu. Kuna pia waya mwembamba wa pili ambao mara nyingi unafungwa pamoja na ule mnene kwenye nati moja, huo unasahaulika ukiwa umejificha pembeni. Betri nzima ya volti 12 iliyojaa na kupumzika inasoma kama 12.6 hivi, ukikuta chini ya 12 ichaji kwanza kabla hujalaumu kingine. Ukitoa betri anza na hasi, ukirudisha anza na chanya, sababu ni kwamba hasi ikiwa bado imefungwa na spana yako iliyoko kwenye chanya ikagusa fremu, hapo ni shoti na cheche kali. Na fyuzi ikiungua weka ya namba ileile. Ukiweka kubwa zaidi ili "isiungue tena" basi kitakachoungua ni waya, na waya unapita chini ya tenki la mafuta, fikiria hilo.

Inazunguka vizuri ila haishiki moto

Koki ya mafuta umefungua? Kama kabureta ilikuwa imemwagwa, bakuli lake linahitaji muda kujaa, usianze kupiga kiki kwa hasira. Kama koki yako ni ile inayofunguliwa na mvuto wa injini basi kuna kampira kembamba kanatoka kwenye koki kwenda kwenye mpira wa kabureta, kakichomoka au kakikunjwa chini ya tenki mafuta hayashuki.

Baada ya hapo toa plagi uiangalie. Ikiwa imelowa mafuta, umeizamisha kwa choki (inayobana hewa ili injini baridi iwake) na kiki nyingi: ondoa choki, kausha plagi, rudisha, fungua aksileta mpaka mwisho huku unazungusha, hewa itapita na mafuta yatakauka. Ikiwa kavu kabisa basi mafuta hayafiki. Kupima cheche, ivishe plagi kofia yake, igusishe kwenye chuma cha injini mbali na tundu la plagi na mbali na mafuta yoyote uliyomwaga, ndo uzungushe. Hakuna cheche na uliosha pikipiki kwa maji ya presha? Maji yameingia kwenye kofia ya plagi, ikaushe. Kofia nyingi zimeingizwa kwenye waya kwa kuzungushwa kama skrubu, ukiivuta vibaya wakati wa kutoa plagi inalegea huko ndani bila wewe kuona, inashika leo kesho inamisi.

Tukiwa hapohapo kwenye plagi, plagi inaanzwa kwa vidole, mizunguko yote, mpaka ikae. Ukianza na spana na ikaingia upande, kichwa cha injini ni cha alumini na plagi ni chuma, unajua atakayeshindwa ni nani. Ikishakaa kwa vidole, plagi mpya yenye washa (kile kiduara cha chuma chini yake) unaongeza kama nusu mzunguko au zaidi kidogo, ile ya zamani iliyokwisha kubanwa inataka mguso tu maana washa yake ilishalala. Na injini iwe baridi.

Inawaka, ila sailensi (mwendo wa injini ukiwa umeachia aksileta) inapanda na kushuka, au inapiga kelele ya juu haitaki kushuka

Hii ni ya waliofungua kabureta na ndipo makosa mengi yanapozaliwa. Injini ikipanda yenyewe na kushuka ukiwa umesimama, au ukiachia aksileta inachukua muda kurudi chini, kuna hewa ya wizi inaingia kati ya kabureta na injini. Ule mpira unaounganisha kabureta na kichwa cha injini haujakaa vizuri, au klampu yake haijakaza, au una ufa uliokuwa umelala ukauamsha ulipouvuta. Chukua chupa ya kupulizia maji, puliza maji kidogo kuzunguka mpira huo injini ikiwa inawaka, mlio ukibadilika umeshapaona. Wengine wanatumia petroli kwa kipimo hiki, tafadhali usifanye hivyo juu ya injini ya moto.

Kosa kubwa hapa ni kuficha ugonjwa kwa skrubu. Mtu anasikia sailensi iko juu anashusha skrubu ya sailensi, kesho asubuhi injini baridi haikai, anapandisha, anashusha, wiki inaisha. Na injini inayokula hewa nyingi kuliko mafuta inapata joto sana, plagi inakuwa nyeupe. Plagi nzuri ina rangi ya kahawia hafifu, nyeusi yenye masizi makavu ina maana mafuta yamezidi au hewa imezibwa, na mara nyingi aliyeiziba ni wewe uliyelowesha filta ya sponji kwa oili ikawa inadondosha. Sponji inapakwa oili halafu inakamuliwa, ikamulie vizuri. Kutembea bila filta kabisa ndo kubaya zaidi, vumbi linakwenda kusaga silinda na ringi na hilo halirudi kwa kusafisha.

Jeti nazo, vile vidude vyenye tundu vinavyopitisha mafuta ndani ya kabureta. Tundu la jeti ya sailensi ni dogo kuliko unavyodhani, watu wanalizibua kwa waya wa chuma au sindano, linazibuka kweli, ila limeshapanuka au limekwaruzwa na kuanzia siku hiyo pikipiki inakunywa mafuta bila sababu unayoielewa. Tumia dawa ya kusafishia kabureta na upepo, ukiishikilia jeti juu kwenye mwanga uone duara kamili la mwanga, nusu duara bado kuna uchafu. Skrubu ya hewa ukitaka kuitoa, kwanza izungushe ndani taratibu huku ukihesabu mpaka iguse, andika namba, ndo uitoe. Usiikaze ikifika mwisho, ncha yake ni laini na kiti chake ni laini.

Kipimo kingine cha lazima: pikipiki ikiwa inawaka nyutro, zungusha usukani kushoto mpaka mwisho, halafu kulia mpaka mwisho. Mlio ukipanda wakati unazungusha, waya wa aksileta umepitishwa vibaya au hauna uhuru, usukani ndo unauvuta. Hii usiiache mpaka kesho, siku utakayokata kona kali pikipiki itajiongezea mwendo yenyewe ukiwa katikati ya kona.

Inatembea vizuri kilomita chache kisha inazima, ukisubiri inawaka tena

Ikizima tu fungua mfuniko wa tenki. Ukisikia hewa inaingia "fsss" na pikipiki ikawaka palepale, tundu la kupumulia la mfuniko limeziba, labda kwa tope au kava la tenki uliloweka juu yake. Kama ina kampira ka hewa kanakotoka tenki, angalia hujakabana wakati wa kurudisha tenki. Basi, hiyo haina zaidi.

Moshi, oili na klachi inayoteleza

Umebadilisha oili na sasa inatoa moshi wa bluu au filta ya hewa imejaa oili. Kabla hujaanza kuwaza ringi, pima oili. Kujaza kupita kiasi ni rahisi sana kwenye injini ndogo, kwa sababu mtu anamwaga chupa nzima bila kusoma kitabu cha pikipiki, halafu anapima pikipiki ikiwa imelalia stendi ya pembeni, oili imekimbilia upande mmoja anaona haitoshi anaongeza. Simamisha pikipiki wima sehemu tambarare, iwashe dakika chache, zima, subiri oili ishuke, ndo upime. Na kijiti cha kupimia, pikipiki nyingi unakiingiza tu bila kukizungusha na nyingine unakizungusha mpaka mwisho, tofauti hiyo peke yake inakupotosha, soma kitabu chako.

Ikizidi, ipunguze. Ikipungua usitembee. Taa ya oili, kwa pikipiki iliyo nayo, ikikaa bila kuzima sekunde chache baada ya kuwasha, zima injini hapohapo, inawezekana filta imewekwa kinyume au mpira wa duara wa mfuniko wa filta umekatika. Angalia pia mpira wa zamani haukubaki umeganda pale ukaweka mpya juu yake, hiyo inavuja oili yote ukiwa njiani.

Klachi ikianza kuteleza baada ya kubadilisha oili, yaani mlio unapanda mwendo haupandi hasa kwenye mlima, angalia chupa uliyotumia. Pikipiki nyingi sahani za klachi zinaogelea kwenye oili ileile ya injini, kwa hiyo inatakiwa oili iliyoandikwa JASO MA au MA2 (alama za oili ya klachi inayoloa). Oili za magari zinazotangaza kuokoa mafuta zina dawa ya kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano. JASO MB ni ya skuta zenye klachi kavu, usiichanganye na hiyo nyingine. Kama oili ni sahihi basi umekaza waya wa klachi kupita kiasi, mkono wa klachi unatakiwa kuwa na mchezo kidogo pale mwishoni, kwa pikipiki nyingi ni milimita 10 mpaka 20 kabla haijaanza kushika. Ukikosa mchezo klachi haifungi yote inateleza na kuungua, ukizidi mchezo haifunguki yote na gia zinaingia kwa kugonga, nyutro huipati.

Sauti ya kugongagonga juu ya injini baada ya kuseti tapeti

Ilikuwa baridi? Tapeti, yaani nafasi ndogo kati ya roka (mkono unaosukuma valvu) na valvu, zinapimwa injini ikiwa baridi kabisa. Halafu kuna kosa moja la wengi, alama ya T kwenye magneto inalingana mara mbili katika mzunguko mzima wa kazi ya injini, mara moja kwenye kubana na mara moja kwenye kutoa moshi. Ukiseti kwenye ile ya pili vipimo vyote ni uongo. Kabla hujaingiza fila geji (kibati chembamba cha kupimia nafasi) shika roka zote mbili kwa vidole, zote zinatakiwa kucheza kidogo, ikiwa moja imebana zungusha magneto mzunguko mmoja kamili uanze upya. Ukishakaza nati ya kufungia, pima tena, maana kukaza kunaihamisha skrubu.

Na usikimbilie kuinyamazisha. Tapeti yenye sauti kidogo inakera tu, iliyobana inakaa kimya huku valvu haifungi vizuri, moto unapita pembeni yake na inaungua. Pikipiki iliyokuwa inawaka vizuri ikawa ngumu kuwaka ikipata moto, baada ya wewe kuseti tapeti, fungua upime.

Cheni: inalia, inaruka, au pikipiki imekuwa nzito

Nzito ndo ya hatari. Watu wanapenda cheni iliyokaza inaonekana nadhifu. Lakini gurudumu la nyuma likipanda na kushuka, umbali kati ya sproketi ya mbele na ekseli unabadilika, ukikaa juu yake cheni inakaza zaidi ya ulivyoiacha. Iliyokazwa kupita kiasi inavuta shafti ya gia na beringi zake, inakula sili ya sproketi ya mbele oili inaanza kuvuja pale, na wewe unatafuta gasketi. Kipimo cha pikipiki yako kimeandikwa mara nyingi kwenye kibandiko cha swingamu (mkono unaoshika gurudumu la nyuma), nyingi za barabarani zinaangukia milimita 20 mpaka 35 za kupanda na kushuka katikati ya cheni. Zungusha gurudumu ulipime sehemu kadhaa, cheni ya zamani ina sehemu inayobana na sehemu inayolegea, unaseti kwa ile inayobana zaidi.

Kuna mtego hapa ambao hauonekani. Ukivuta gurudumu nyuma kukaza cheni, kwenye breki ya ngoma ile fimbo ya breki nayo inavutwa. Umeseti cheni tu, hukugusa breki, lakini sasa breki ya nyuma inashika muda wote, pikipiki nzito, kitovu cha gurudumu kinachemka, taa ya breki haizimi. Kila ukigusa cheni seti breki ya nyuma upya, kwenye pikipiki nyingi pedeli iwe na mchezo wa milimita 20 mpaka 30.

Kaza nati ya ekseli, pima cheni tena kwa sababu kukaza kunaweza kuisogeza, rudisha spliti pini. Klipu ya kiungo cha cheni, upande wake uliofungwa utazame mwelekeo wa mwendo wa cheni, ukiuweka kinyume kitu kikiigusa inachomoka. Na usisafishe cheni injini ikiwa inazungusha gurudumu, vidole vimeshakatika hivyo, zungusha kwa mkono. Cheni yenye mipira ya ndani isioshwe na petroli, tumia mafuta ya taa au dawa yake.

Breki

Hapa nitakuwa mkali kidogo. Makosa mengine yote yanakuacha umesimama barabarani, haya hayakuachi umesimama.

Umebadilisha pedi, umesukuma pistoni ndani, umefunga. Kabla pikipiki haijasogea hata hatua moja, bonyeza breki mara nyingi mpaka iwe ngumu mkononi. Mbonyezo wa kwanza unaingia mpaka mwisho bila kushika kitu, na kama mbonyezo huo wa kwanza unaufanyia kwenye mteremko hakuna wa pili. Kama kikopo chake kilikuwa kimejaa fluidi (mafuta ya breki), kusukuma pistoni kunaimwaga kwenye rangi, fluidi inakula rangi, mwagia maji mapema.

Breki laini kama sponji ina upepo ndani. Mara nyingi uliacha kikopo cha masta (pampu ya breki) kikakauka wakati unatoa upepo, ukaingiza hewa mpya juu ya ile ya zamani. Kijaze kila baada ya mibonyezo michache. Mpangilio ni huu: bonyeza, fungua nipo (kibolti cha kutolea upepo), funga nipo, ndo uachie. Ukiachia kabla ya kufunga inavuta hewa kutoka chini. Fluidi iwe ile iliyoandikwa kwenye mfuniko, DOT 3, DOT 4 na 5.1 ni familia moja, DOT 5 ni ya silikoni haichanganywi nazo hata kama namba zinafanana. Chupa iliyokaa wazi miezi usiitumie, fluidi inanyonya unyevu wa hewani, na maji yakichemka ndani ya breki ya moto yanakuwa mvuke na mkono unazama. Usijaribu kamwe oili ya injini, inavimbisha mipira yote ya mfumo.

Breki inayoshika yenyewe ikipata moto, kikopo kimejazwa kupita kiasi au mkono wa breki hauna mchezo hata kidogo. Inayopiga kelele na haishiki, uligusa diski au pedi kwa mikono yenye grisi. Diski inasafishika kwa dawa ya breki, pedi iliyokunywa oili badilisha.

Breki ya ngoma ya nyuma, kuna chuma kirefu kinachofunga sahani ya breki kwenye swingamu au fremu. Ukitoa gurudumu lazima ukifungue, na wapo wanaosahau kukirudisha au wanaacha nati bila pini. Ukikanyaga breki bila chuma hicho sahani yote inazunguka na gurudumu, fimbo inajiviringisha, gurudumu linaganda palepale. Kila ukirudisha gurudumu la nyuma kishike kwa mkono ukivute.

Gurudumu likigoma kuzunguka baada ya kukaza ekseli, usilegeze nati ili lizunguke. Kuna bushi umesahau au umeibadilisha upande, toa uangalie upya.

Bolti inazunguka haikazi

Thredi imekufa, mara nyingi ni ya kumwagia oili au za mfuniko wa klachi, kwa sababu mtu alikaza kwa nguvu za mkono mzima na alumini haina nguvu hizo. Tumia spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza) kama unaweza kuipata, kwenye bolti za oili hasa, na weka washa mpya ya alumini au shaba kila mara. Usizungushie tepu, usipake gundi ukatumaini. Inatobolewa na kuwekewa thredi mpya ya chuma ndani, kazi hiyo inataka dirili inayosimama wima na mtu aliyeizoea, mpelekee fundi. Na usitembee nayo kwenda kwa fundi, isukume au ibebwe, bolti ya oili ikidondoka oili inamwagikia gurudumu la nyuma.